Lenzi ya jicho haipotelei kichwani



Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu kilicho chepesi kuliko unyoya wa kuku, kitu ambacho kikidondoka sakafuni hukisikii, lakini kikipotea nyumba nzima haikaliki. Nasema juu ya lenzi, ile inayovaliwa juu ya jicho badala ya miwani. Nimeichagua mada hii kwa sababu ilinigusa nyumbani kwangu, na kwa sababu nilipoichunguza historia yake niliona kwamba kosa nililolifanya mimi wamelifanya wengi kabla yangu.

Ilikuwa Jumapili alfajiri. Niliamshwa na kilio cha mpwa wangu, binti wa dada yangu, tunayekaa naye hapa Dar es Salaam akisoma chuo. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa harusini. Binti huyu haoni mbali, na siku zote huvaa miwani, lakini kwa ajili ya harusi hakutaka miwani imharibie mapambo yake, akavaa lenzi. Tulirudi saa nane za usiku. Usingizi ukamchukua kwenye kochi, na nguo zake za harusi mwilini na lenzi zake machoni. Alipozinduka akaitoa ya jicho la kushoto. Ya kulia hakuiona.

"Mjomba," aliniambia huku amelifunika jicho kwa kiganja, "lenzi imeingia ndani. Imepotelea kichwani."

Basi nyumba ikachafuka. Mama yangu, ambaye ni bibi yake, akashika kichwa akasema kitu hicho kikifika kwenye ubongo mtoto ndiyo basi tena. Jirani akashauri atafutwe mama anayenyonyesha, matone mawili ya maziwa yatalitoa dude hilo. Mwingine akasema dawa ni ncha ya ulimi, kama tulivyotolewa mchanga machoni tulipokuwa watoto. Nami, badala ya kuuliza swali hata moja, nikachukua upindo wa khanga, nikausokota uwe ncha, nikamwambia binti atazame juu.

Kumbe hata kabla sijaamka alikuwa amekwisha lihangaikia jicho hilo kwa muda wa nusu saa, tena kwa kucha ndefu zilizopakwa rangi ya harusi. Kila alipobana alihisi kitu laini kinateleza, akasema, "Ndiyo hiyo, Mjomba, naishika inaniponyoka." Jicho likawa jekundu kama kaa la moto, machozi yanamtiririka, mwanga wa dirishani hauwezi. Na Jumatano yake alikuwa na mtihani.

Tukakimbilia hospitali. Daktari wa macho, dada mmoja mpole, alimtia binti tone la dawa ya rangi ya manjano, akazima taa ya chumba, akammulika kwa mwanga wa buluu. Akalipindua kope la juu, akatazama. Akalivuta la chini, akatazama. Kisha akanigeukia.

"Mzee," alisema, "humu hamna lenzi."

Palikuwa na michubuko mitatu juu ya kioo cha mbele cha jicho, kile ambacho wataalamu hukiita konea. Lenzi haikuwamo. Kile kitu laini kilichokuwa kikiteleza kila alipokibana kilikuwa jicho lake mwenyewe. Tuliporudi nyumbani tuliikuta lenzi kwenye kitambaa cha kochi, imekauka na kujikunja kama gamba la kitunguu.

Wasikilizaji, niliona haya. Mtu mzima mwenye mvi, niliyezoea kuwaeleza wengine mambo kwenye redio, nusura nimpofushe mtoto wa dada yangu kwa upindo wa khanga, nikitafuta kitu kisichokuwamo. Ndipo nikaanza kujiuliza: hofu hii ya lenzi kupotelea kichwani imetoka wapi? Na nani aliyewahi kuthubutu kutia kioo ndani ya jicho?

Tuanze na lile la kwanza, kwa kuwa ndilo linalotoa watu roho. Lenzi haiwezi kwenda nyuma ya jicho. Chini ya kope umo utando mwororo, wenye unyevu. Utando huo huanzia ukingoni mwa kope, ukashuka kwa ndani, kisha ukakunja na kupanda juu ya ile nyeupe ya jicho. Pale unapokunja unafanya kitu kama mfuko wa suruali: mkono unaingia, lakini mwisho wa mfuko umeshonwa. Mfuko wa kope la juu una kina zaidi kuliko wa kope la chini. Lenzi inaweza kujificha humo, inaweza hata kujikunja mara mbili, lakini njia ya kwenda kwenye ubongo hakuna. Waswahili husema macho hayana pazia. Kwa habari ya lenzi pazia lipo, nalo ni kope, na nyuma ya pazia hilo kuna ukuta.

Sasa tuingie katika historia. Wapo wanaopenda kuianza na Leonardo da Vinci, mwaka 1508, aliyechora jicho likitazama ndani ya maji, au na Descartes wa Ufaransa aliyeandika mwaka 1637 juu ya mrija wa maji uliowekwa juu ya jicho. Hayo yalikuwa mawazo mazuri, lakini hakuna mtu aliyeweza kutembea nayo barabarani. Lenzi za kuvaliwa hasa zilianza miaka ya 1880, na zilikuwa za kioo kitupu.

Hebu fikiri. Nani angekubali kutiwa kigae cha kioo jichoni? Hapa pana jambo ambalo husahauliwa. Mwaka 1884 daktari kijana wa Vienna, Karl Koller, aligundua kwamba tone la kokeini hulitia jicho ganzi. Kabla ya hapo, hata daktari aligusa jicho la mtu aliye macho kwa shida kubwa. Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi. Mwaka 1887 mafundi wa macho ya bandia wa ukoo wa Müller, huko Wiesbaden, Ujerumani, walimtengenezea mgonjwa aliyekuwa amepoteza sehemu ya kope ganda jembamba la kioo la kulikinga jicho lake. Mwaka 1888 Adolf Fick, daktari wa macho huko Zurich, Uswisi, alichapisha taarifa yake juu ya kile alichokiita miwani ya kugusa jicho. Alikuwa amevijaribu vioo vyake kwa sungura kwanza, kisha akajivisha mwenyewe, kisha wagonjwa. Mwaka huohuo Eugène Kalt alikuwa akifanya majaribio yake mjini Paris kwa watu ambao konea zao zimechongoka.

Lakini anayenigusa mimi zaidi ni mtu wa nne, August Müller, ambaye tusimchanganye na wale mafundi wa Wiesbaden. Huyu alikuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Kiel, naye mwenyewe alikuwa haoni mbali kwa kiasi kikubwa sana. Hakuwa akitafuta sifa, alikuwa akitafuta macho yake. Alijitengenezea lenzi za kioo, akajitia ganzi ya kokeini, akazivaa akiwa ameuzamisha uso ndani ya maji ili mapovu ya hewa yasibaki kati ya kioo na jicho. Mwaka 1889 aliyaandika yote hayo katika tasnifu yake. Na alikuwa mkweli: hakuweza kuvumilia zaidi ya nusu saa. Baadaye aliyaacha macho kabisa, akawa daktari wa mifupa.

Kwa nini nusu saa? Konea haina mishipa ya damu. Ingekuwa nayo tusingeona vizuri. Hewa yake safi, ile oksijeni, huipata kutoka hewani kwa kupitia machozi. Ukilifunika jicho kwa kioo ni kama umemziba mtu pua. Tena lenzi hizo za kwanza zilikuwa kubwa, zimefunika mpaka ile nyeupe ya jicho, zimejaa maji kwa ndani, na zilishika kwa mnyonyo. Kuzitia ilikuwa kazi moja, kuzitoa kazi nyingine. Naona mbegu ya hofu ya mama yangu ilipandwa hapo: kitu kikubwa kiasi hicho, kinachozama chini ya kope pande zote, mtu angekosaje kuogopa kwamba siku moja kitazama moja kwa moja?

Ndipo nikaona jambo linalojirudia katika historia hii yote: kila lenzi mpya ilikuja na namna yake mpya ya kupotea. Lenzi ya kioo haikupotea, ilinasa.

Miaka ya 1930 ikaja plastiki ngumu iliyo angavu kama kioo. Mwaka 1936 William Feinbloom wa New York alitengeneza lenzi ambayo katikati ni kioo na pembeni ni plastiki. Mwaka 1948 Kevin Tuohy, fundi wa vioo vya macho huko Los Angeles, akapiga hatua kubwa. Yasemwa kwamba lenzi ilimvunjikia kazini, ule ukingo mpana ukatengana na sehemu ya katikati. Mwingine angeitupa. Yeye akailainisha ile sehemu ya katikati, akaivaa jichoni mwake, ikakaa. Hivyo ikazaliwa lenzi ndogo ya kufunika konea tu, inayoelea juu ya machozi.

Hii haikunasa kama ile ya kioo. Hii ilidondoka. Mtu akipepesa macho vibaya, akipigwa kikumbo, akicheka sana, lenzi imeruka. Katika miaka ya 1950 na 1960, katika nchi ambako zilivaliwa kwa wingi, kuwaona watu wamepiga magoti ukumbini wakipapasa sakafu halikuwa jambo la ajabu, na si mara moja mchezo wa mpira wa kikapu ulisimama wachezaji wa pande zote mbili wakitafuta lenzi ya mmoja wao. Watu wakazoea kwamba lenzi ikikosekana jichoni, iko chini.

Mazoea hayo nayo yana taabu. Mwaka 2018 madaktari wa Uskoti waliandika habari za mama mmoja mwenye umri wa miaka 42 aliyefika na uvimbe kwenye kope la juu la jicho la kushoto. Walipopasua walikuta lenzi ngumu imezungukwa na nyama. Ikabidi familia ikumbushane. Mama yake mzazi ndiye aliyekumbuka kwamba binti alipokuwa na miaka 14 aligongwa jichoni na kile kimpira cha manyoya cha mchezo wa badminton, na lenzi ikakosekana. Wote waliamini imeanguka wakati ule. Haikuanguka. Ilikaa ndani ya kope miaka 28.

Sisi tuliamini imo, kumbe ilikuwa kwenye kochi. Wale waliamini imeanguka, kumbe imo. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba katika jambo hili kudhani hakufai.

Turudi nyuma kidogo, tumfuate mtu aliyeileta lenzi laini ambayo wengi wanaivaa leo. Ni Otto Wichterle, mkemia wa Chekoslovakia, aliyezaliwa mwaka 1913. Maisha yake yalikuwa na misukosuko: mwaka 1942 alitiwa ndani na polisi wa siri wa Wanazi, na mwaka 1958 alifukuzwa kufundisha katika chuo chake mjini Prague kwa sababu za kisiasa. Yeye na mwenzake Drahoslav Lím walitengeneza plastiki inayokunywa maji, ikalainika kama ute wa bamia uliogandamana. Tatizo likawa namna ya kuifinyanga iwe lenzi isiyo na ukingo wa kukwaruza.

Serikali iliona kazi hiyo haina tija. Basi siku za Krismasi ya mwaka 1961, nyumbani kwake, Wichterle alikaa mezani na vyuma vya mchezo wa watoto wa kuunda mashine, akaunganisha na dainamo ya baiskeli, akatengeneza kigurudumu cha kuzungusha vikombe vidogo. Akadondosha matone ya ile plastiki, yakazunguka, yakaganda katika umbo la lenzi. Miezi iliyofuata alitengeneza maelfu papo hapo nyumbani, mkewe akimsaidia. Baadaye serikali ya nchi yake iliuza haki za ugunduzi huo kwa Wamarekani, na mwaka 1971 lenzi laini zikaruhusiwa kuuzwa Marekani. Mamilioni ya fedha yalitengenezwa, lakini mfukoni mwa mgunduzi hayakufika mengi. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1989 ndipo nchi yake ilipomkumbuka, akafanywa rais wa taasisi kuu ya sayansi. Alifariki mwaka 1998.

Lenzi laini ilipotea namna gani? Yenyewe ni kubwa kidogo kuliko ile ngumu, na zaidi ya theluthi yake ilikuwa maji. Maji yakikauka, kama yanavyokauka kwa mtu aliyelala nayo, au aliyekaa kwenye vumbi, upepo au kiyoyozi siku nzima, lenzi hujibana na kugandama juu ya jicho. Mtu akiisugua kwa pupa huenda ikajikunja na kuingia chini ya kope la juu, ikatulia huko, nyepesi mno hata mwenyewe asiihisi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaja za kuvaa na kutupa: za juma, za mwezi, kisha katikati ya miaka ya 1990 za siku moja. Hizi nazo hupotea kwa namna yake: hupotea kwa kutohesabiwa. Zamani lenzi ilikuwa mali, ikikosekana mtu hupekua nyumba. Leo ikikosekana mtu hufungua pakiti nyingine. Mwaka 2017 madaktari wa Uingereza walichapisha habari za mama wa miaka 67 aliyefika kwa operesheni ya mtoto wa jicho. Walipomtia ganzi waliona donge la rangi ya buluu chini ya kope. Lilikuwa ni lenzi 17 zilizogandamana kwa ute. Walipotazama tena wakapata nyingine 10. Jumla 27. Alikuwa amevaa lenzi kwa miaka 35, na ile karaha aliyokuwa akiisikia jichoni aliidhani ni uzee na ukavu wa macho. Operesheni ikaahirishwa kwa kuogopa vijidudu.

Labda mtu atasema: haya ni ya Ulaya, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu lenzi zimeingia mijini mwetu. Wapo wanaozivaa kwa kuwa hawaoni mbali, wapo wanaotaka tu macho ya rangi ya asali siku ya sherehe, wakazinunua kwenye duka la vipodozi bila kupimwa wala kufundishwa namna ya kuzitoa. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Zamani fundi hakukuachia lenzi mpaka amekuona ukiitia na kuitoa mbele yake. Leo unapewa kikopo na chenji yako.

Nilimwuliza yule daktari tungefanya nini siku ile. Nitawapa majibu yake kama nilivyoyashika.

La kwanza, nawa mikono kwa sabuni, ikaushe. La pili, usianze na jicho, anza na kando yake: tazama kwenye kikopo, shavuni, kwenye nguo, kwenye mto. Kisha lifunike jicho zima na utazame kwa lile lenye shaka. Kama waona mbali vizuri bila miwani, lenzi ipo mahali pake, imeganda tu. Tia matone ya maji maalumu ya macho, pepesa, ungoja dakika kadhaa mpaka uione inaanza kucheza. Lenzi isiyocheza haibanwi. Kama umeiona imekimbilia chini ya kope, tia matone, funga jicho, sugua kope polepole kwa ncha ya kidole kuielekeza katikati. Kama huioni kokote, acha. Usitumie kucha, njiti, kibano wala upindo wa khanga. Hapo alinitazama mimi.

La mwisho, usitie mate, wala maji ya bomba, wala maji ya chumvi ya kujitengenezea jikoni. Katikati ya miaka ya 1980 huko Marekani watu waliosafisha lenzi kwa maji ya chumvi ya kujitengenezea walipatwa na kidudu cha majini kiitwacho akanthamiba, na kidudu hicho hula konea. Na kama jicho linauma, limekuwa jekundu, halistahimili mwanga, au ukungu hauondoki, toa na lenzi ya jicho la pili, vaa miwani yako, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Kazi ya kupindua kope na kutazama ni ya dakika tano. Kwa michubuko iliyoingiliwa na vijidudu, hata siku moja ni nyingi.

Mpwa wangu alipona. Siku ya tatu alifungua jicho bila machozi, na Jumatano alifanya mtihani wake amevaa miwani. Mama yangu bado hajaamini sana habari ya ule mfuko ulioshonwa. Anasema daktari yule ni mtoto mdogo. Lakini ile khanga ameikunja, ameiweka kabatini, na juzi mjukuu mmoja alipoingiwa na kitu jichoni nilimsikia akiita kutoka uani: "Msimguse! Kwanza nendeni mkatazame kwenye mto!"